Raha Isiyorekodiwa

Mwezi huu naomba nijibu swali ambalo nimeulizwa mpaka nimelizoea. Sina sherehe niliyowahi kufanyia kazi bila mtu mmoja, sahani ya pilau mkononi, kunisogelea na kuniambia: "Dada, wewe unafaidi! Kila wiki harusi, muziki, vinono, na bado unalipwa." Huwa nacheka, nasema asante, narudi kwenye kamera yangu. Lakini kwa kuwa jarida hili linasomwa na watu wanaopendana, tena wengine wanahangaika kupata hata muda wa kupendana, leo nitasema ukweli ulivyo.

Mimi ni prodyuza wa video hapa Dar es Salaam. Wikiendi napiga harusi, sendofu na kicheni pati. Katikati ya wiki natengeneza video za mafunzo na makala fupi za mashirika. Nimeolewa huu mwaka wa 9, na mume wangu ni mtu wa ofisini, Jumatatu mpaka Ijumaa, saa 2 asubuhi mpaka saa 11 jioni. Umeshaona tatizo lilipo? Siku anazopumzika yeye ndizo siku ninazotoka jasho mimi.

Sherehe ukiiona kutoka nyuma ya kamera

Wengi wanadhani kazi yangu inaanza bibi harusi anaposhuka garini. Kazi inaanza wiki mbili kabla, nikiwa na mwenyekiti wa kamati na ratiba mezani. Nataka kujua nani anaingia na nani, mama mzazi anakaa wapi, keki itawekwa upande gani, na MC ni nani. Hapo kwa MC usicheke. Kuna MC anayekupa nafasi, na kuna anayesimama mbele ya lenzi yako kuanzia "karibuni" mpaka "safari njema".

Siku yenyewe nafika ukumbini kabla ya wapambaji hawajamaliza, kwa sababu ya taa. Zile taa za rangi zinazowafurahisha wageni zinaweza kumfanya bibi harusi aliyelipia mapambo ya uso kwa hela nyingi aonekane wa zambarau kwenye video. Kwa hiyo nazungumza na mtu wa taa, kwa upole kabisa, maana usiku wote niko mikononi mwake. Kisha naenda kwa mtu wa muziki kuomba sauti itoke moja kwa moja kwenye mashine yake. Mtazamaji anavumilia picha iliyotikisika kidogo. Hotuba ya baba isiyosikika haivumilii.

Halafu kuna jua. Hapa kwetu saa 6 mchana linakaa utosini na kumchimbia kila mtu mashimo meusi machoni. Ndiyo maana nawabembeleza maharusi waje kupiga picha za nje saa 11 jioni. Dar jua linazama kati ya saa 12 na robo na saa 1 kasorobo hivi, mwaka mzima, na likishazama giza halichelewi. Yaani saa moja nzuri ya mwanga, basi. Maharusi wakikwama kwenye foleni, ile saa imekwenda na hakuna wa kuirudisha.

Na hilo ndilo linaloniweka macho siku nzima: harusi hairudiwi. Kwenye video ya shirika nikikosa kitu namwambia bosi, "Tusemeni tena." Kanisani siwezi kumwambia padri arudie kiapo. Msikitini siwezi kumwomba shehe aozeshe upya kwa sababu betri imeisha. Kwa hiyo natembea na betri za ziada mfukoni kama pipi, na kamera mbili zinazoangalia tukio moja.

Twende kwenye hesabu sasa. Sekunde moja ya video ninazopiga ina picha 25, kwa hiyo saa moja ina picha 90,000. Sherehe ya saa 5 ni picha 450,000, kwa kamera moja tu. Kwa ubora wa 4K ninaotumia, saa moja inakula kama GB 45 za kadi. Kamera mbili kwa saa 5 ni GB 450. Wageni wakishaondoka, maharusi wakishakwenda zao kupumzika, mimi naketi nyumbani saa 8 usiku nanakili kila kitu kwenye diski mbili tofauti kabla ya kufuta hata sekunde moja kwenye kadi. Hapo ndipo navua viatu. Kuanzia Jumatatu ni kuediti, na video ya saa moja iliyokamilika inanichukua siku nne mpaka tano.

Burudani ilipogeuka mshahara

Usinielewe vibaya, kazi hii naipenda. Nilianza kuipenda kabla sijajua kuwa ni kazi. Tanzania Bara ilichelewa kupata televisheni. Zanzibar walikuwa nayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, sisi huku tukasubiri mpaka ITV ilipoanza 1994. Kabla ya hapo, mtaani kwetu aliyekuwa na deki ndiye aliyekuwa na sinema. Tulijazana sebuleni kwake mpaka dirishani, na mimi nilikuwa yule mtoto anayeuliza, "Huyu anayepiga hizo picha amesimama wapi?"

Nilipokua, filamu ndiyo iliyokuwa starehe yangu ya jioni. Ikawa kazi. Na hapa kuna jambo ambalo mtu hakwambii unapoambiwa ufuate unachokipenda: ukikifanya kiwe mshahara, kinaacha kuwa mapumziko. Siku hizi nikikaa kuangalia filamu nahesabu mikato. Naona kivuli cha maiki ukutani. Naona chai iliyojaa kwenye kikombe kilichokuwa nusu sekunde mbili zilizopita. Mume wangu alivumilia mwaka mmoja, kisha akatunga sheria ya nyumba: filamu moja, maoni mawili. La tatu nalipia soda. Sijui nimenunua soda ngapi, ila friji yetu haijawahi kukauka.

Filamu iliyonifungia mdomo toka mwanzo mpaka mwisho ni Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza Toronto mwaka 2021. Mwenzangu alinishika mkono akauliza kama naumwa. Hapana baba, nilikuwa mtazamaji tu, kama zamani.

Harusi za watu, ndoa yetu

Miaka mitatu iliyopita, Jumamosi moja asubuhi nikipanga vifaa, mume wangu aliniambia jambo bila hasira yoyote, na pengine ndiyo maana liliniingia: "Unazijua ndoa za watu wote mjini. Ya kwetu unaiona lini?"

Sikumjibu pale pale, gari lilikuwa linasubiri. Lakini Jumatatu jioni tulikaa, kalenda katikati. Hakuniambia niache kazi. Na mimi sikumwambia azoee. Ada ya mtoto inatokana na hizo Jumamosi, na yeye anajua. Tulichotafuta ni saa zetu ziko wapi, kwa sababu kwenye wikiendi hazipo.

Tukazipata sehemu tatu. Ya kwanza, Jumanne kuanzia saa 12 jioni. Kompyuta inazimwa hata kama keki haijakatwa kwenye skrini. Tunapika pamoja, na jikoni zinapigwa nyimbo za NUTA Jazz, bendi iliyoanzishwa 1964, na za Mlimani Park iliyofuata 1978. Yeye anakata vitunguu, mimi nakuna nazi, na sebene likikolea ugali unasubiri kidogo.

Ya pili, sikukuu zinazoangukia katikati ya wiki. Saba Saba, Nane Nane, Siku ya Nyerere tarehe 14 Oktoba. Ni nadra mtu kunialika harusi ya Jumatano, na hata akija na hela nzuri, namwelekeza kwa mwenzangu wa kazi. Safari nazo zimepungua makali. Tangu treni ya SGR ianze kwenda Dodoma mwaka 2024, kazi ya huko iliyokuwa ikinila siku tatu, barabara ikiwa ndani yake, naweza kwenda asubuhi na kulala kwangu.

Ya tatu ndiyo kubwa: miezi mikavu. Kwa kawaida Waislamu hawafanyi harusi Ramadhani, na Wakristo wengi wanaahirisha mpaka Kwaresima ipite. Mwaka 2025 miezi hiyo miwili ilianza kwa kupishana siku chache tu, na simu yangu ikanyamaza kama imekatwa. Kwa mtu wa biashara hiyo ni njaa. Ila mwenye kalenda huiona ikija, kwa hiyo kuanzia Oktoba, kila malipo ya awali yanapoingia, sehemu inakwenda kwenye akaunti ya miezi mikavu. Kodi ya nyumba inalipwa humo, na mimi nabaki na kitu ambacho pesa za Desemba haziwezi kuninunulia, yaani Jumamosi.

Majini hakuna kamera

Jumamosi hizo tulizitumia kujifunza kuogelea. Watu wazima wawili, wote tumekulia jiji la pwani, wote tunajua bahari mpaka magotini! Tulianza kwenye bwawa, na mwalimu wetu alikuwa kijana mdogo aliyetuita "wazazi" kila alipotukemea. Tulipopata ujasiri tukaanza kuvuka Kunduchi kwenda Mbudya kwa boti. Kisiwa kile kiko ndani ya hifadhi ya bahari tangu 1975, na maji yake yanakuonyesha vidole vyako vya miguu. Unaogelea, unachoka, unakula samaki wa kuchoma na chipsi, unalala chini ya kibanda cha makuti.

Kwa nini kuogelea? Nimelifikiria sana hilo. Nadhani ni kwa sababu majini mikono yangu haina kitu. Siwezi kushika kamera, siwezi kuangalia mwanga umekaaje usoni mwake, siwezi kupanga nani asimame wapi. Mume wangu akicheka, anacheka tu. Hakuna atakayeangalia kicheko kile kesho. Kwa mtu ambaye kazi yake ni kuhakikisha hakuna kinachopotea, hujui ni pumziko kiasi gani kuacha kitu kizuri kipite.

Nyie nao ni maprodyuza

Hapo ndipo ninapotaka kukugusa wewe, msomaji. Zamani video ya familia ilikuwa na mtu wake. Mlimlipa, akaja na kaseti zake za MiniDV za dakika 60, nyie mkacheza. Leo kila mkono una kamera. Ninaona kwenye sherehe: binamu anarekodi, rafiki anarekodi, bwana harusi mwenyewe anarekodi. Mkitoka wawili kula chakula cha jioni, samaki anapoa huku mnatafuta upande wenye mwanga. Ukirudi nyumbani unachagua, unakata, unaweka muziki. Dada, kaka, hiyo ni kazi yangu unafanya, na mimi angalau nalipwa!

Sisemi msipige picha. Ningesema hivyo ningekuwa najikatia riziki. Matukio yanayokuja mara moja, rekodini, tena vizuri. Mtoto anatembea hatua ya kwanza, bibi anasimulia alivyoolewa, vitunzeni, na mvinakili sehemu zaidi ya moja, kwa sababu simu huanguka chooni. Ila raha ya kila wiki, ile inayoilisha ndoa, iacheni bila shahidi. Ukiishika kamera, hata ndogo, nusu yako iko kazini. Unamwangalia mwenzako kama atakavyoonekana badala ya kumwangalia alivyo.

Na kama umempenda mtu wa kazi kama zangu, iwe DJ, mpishi wa sherehe, mpambaji, nesi wa zamu au mwanamuziki, usishindane na Jumamosi yake. Utashindwa, na mtachukiana. Kaeni na kalenda mtafute Jumanne yenu. Ulizaneni ni miezi gani kazi inapungua, mwekeane akiba mapema ili ukame wa kazi usiwe ukame wa nyumba. Na kama starehe yako ya zamani imeshageuka mshahara, jitafutie nyingine, ikiwezekana ile usiyoijua vizuri, ambayo hakuna atakayekulipa kuifanya. Mimi naogelea vibaya mno na sina mpango wa kuwa bingwa.

Mwezi huu jaribuni jambo moja tu nyie wawili. Chagueni jioni moja, simu zilale droo moja, na mfanye kitu ambacho hakuna mtu mwingine atakayekijua. Kesho yake ukiulizwa ofisini ulifanya nini jana, sema, "Nilikuwa na mtu wangu." Inatosha. Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.