Nywele Zilizofubaa Hazidai Dawa

Mpwa wetu, mzaliwa wa pwani, achuma waridi katika shamba la maua huko Timau, Meru, chini ya Mlima Kenya. Tulipomzuru alitulalamikia: "Mjomba, nywele zangu zimekufa. Mara tatu nimetiwa dawa ya kuzihuisha, na kila nikitiwa zazidi kufubaa. Mshahara wangu waishia saluni."

Tukamjibu: "Mwanangu, unywele hufa tangu utokapo kichwani. Ulio hai ni mzizi tu."

Hapo ndipo wengi wetu wanapopotezwa. Dawa hizi haziponyi unywele, bali huukandika, kama ukuta ukandikwavyo chokaa. Huwa na keratini na protini nyingine, na aghalabu silikoni ya kuutelezesha. Mkandiko wa kwanza hung'ara. Wa pili na wa tatu juu yake hushika vumbi na mafuta, nywele zikawa nzito, kavu na zisizo nuru. Na Timau, iliyo zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, ni baridi. Kuosha kichwa huahirishwa, na utando ukazidi kuganda.

Basi dawa ya utando si utando mwingine. Zipo shampuu kali zilizotengenezwa kwa kazi hiyo hasa, zenye salfeti. Kichwa kioshwe mara mbili kwa maji ya vuguvugu na kusuuzwa sana. Mara moja kwa mwezi yatosha, kwani ukali wake hukausha, hasa nywele zilizotiwa rangi au kunyoshwa kwa dawa. Siki iliyozimuliwa kwa maji mengi husaidia kuondoa chokaa ya maji ya kisima, lakini silikoni haiiwezi. Majani ya mkunazi waliyotwanga bibi zetu hutoa povu na kusafisha kwa upole. Kisha yafuate mafuta ya nazi kidogo. Utafiti uliotangazwa mwaka 2003 ulionyesha kuwa mafuta hayo huingia ndani ya unywele na kupunguza protini ipoteayo katika kuosha.

Waaidha kuna jambo la dini. Josho la wajibu lataka maji yafike kwenye nywele na ngozi ya kichwa. Akiwa na shaka kwamba utando wayazuia, mtu asikae kimya. Na amwulize mwanachuoni wake.

Lawama yetu haiwaendei akina mama peke yao. Msusi anayeuza mkandiko bila ya kueleza namna ya kuuondoa ameuza nusu ya ukweli, na mteja hurudi kununua dawa ya ugonjwa ulioletwa na dawa ile ile. Yampasa mteja aulize kabla ya kulipa: kitu hiki chatokaje? Asipopata jibu, na aubane mkoba wake. Kikulacho ki nguoni mwako, na safari hii ki kichwani.