Nyansiongo, kila mti una bei moja: bei ya moto

Jumamosi iliyopita dalali wa kuni alifika kwetu na boda. Hakukaribia hata kiti. Alishuka moja kwa moja hadi kwenye mstari wa miti ulio mwisho wa shamba, akawa anapiga kila shina kwa kiganja kama mtu anayenunua ng'ombe. Aliporudi akamwambia mama, "Mama, hiyo yote nakupa elfu sitini. Jumamosi ijayo naleta pawaso na lori."

"Hiyo yote" ni mikaratusi ishirini na sita, migrevilia tisa, na mjakaranda mmoja aliopanda babu alipohamia huku Borabu enzi zile mashamba ya walowezi yanagawanywa. Piga hesabu mwenyewe. Ni kama elfu moja na mia sita na kitu kwa kila mti, uwe mnene, uwe mwembamba, uwe wa aina gani. Kwake zote ni kuni.

Miaka mitatu iliyopita singeona tofauti hata mimi. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokwama, nikaanza kuandika mitandaoni kutoka bedsita moja Kisii mjini. Wikendi napanda matatu hadi Keroka, naunganisha hadi Nyansiongo, na kazi ya kwanza ninayopewa nikifika ni kupasua kuni. Mwanzoni ilikuwa adhabu. Asubuhi za huku ni baridi, mkono unauma, shoka linakwama. Halafu bila kujua nikaanza kuipenda. Simu iko ndani, hakuna mtu wa kukuuliza maisha yanaendaje, na kuna raha fulani gogo likigawanyika mara moja tu, sawasawa, kama umelifungua zipu.

Ukipasua kwa muda unajifunza kusoma mbao. Mkaratusi usiupe nafasi ya kukauka kabla ya kuupasua, kwa sababu ukikauka unageuka jiwe na utatafuta kabari kijiji kizima. Mgrevilia ukiupasua kuelekea katikati unakuta madoa ya kung'aa ndani, kama kitambaa cha lesi. Tawi la mjakaranda lililoanguka na upepo ndilo lililoniingiza kwenye hii mambo ya kuchonga. Lilikuwa jepesi, laini, kisu kinapita bila ugomvi. Nikachonga mwiko. Ulikuwa umepinda, lakini mama aliusongea ugali jioni hiyo hiyo na hajauacha mpaka leo. Sasa nimechonga miko kama arobaini, bakuli chache, na kigoda kimoja ambacho sitakionyesha mtu.

Sikuandika haya ili nikwambie uchonge utajirike. Hizo makala za "kijana aacha chuo, sasa avuna mamilioni" tumezisoma zikatosha. Nimeuza miko sita kwa jumla, minne kati yake kwa watu wa ukoo. Ninachotaka kuzungumzia ni ile elfu sitini, kwa sababu nyuma yake kuna siasa na uchumi ambao vijana wa Nyamira na Kisii tunaishi ndani yake bila kuuongelea.

Tuanze na chai. Majani mabichi yanafika kiwandani yakiwa yamejaa maji, na inahitajika kilo nne na ushee za majani kupata kilo moja ya chai kavu. Maji hayo hayatoki kwa maombi. Yanatolewa na joto la boila, na boila nyingi za viwanda vilivyo chini ya KTDA zinakula kuni. Huku kwetu hakuna tu kiwanda cha Nyansiongo. Kuna Sanganyi, Kebirigo, Tombe, Gianchore, na ukivuka upande wa Kisii orodha inaendelea. Ongeza shule za bweni ambazo sufuria zake ni kubwa kuliko tangi letu la maji. Ongeza hoteli na nyumba zetu wenyewe. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya familia Kenya hupika kwa kuni, na mashambani ndiyo usiseme.

Kisha mwezi Februari 2018, William Ruto akiwa bado naibu wa rais, serikali ilitangaza marufuku ya kukata miti katika misitu ya umma na ya jamii. Ilikuwa ya siku 90. Ikaongezwa, ikaongezwa tena, hadi yeye mwenyewe akiwa rais alipotangaza Julai 2023 kwamba ameiondoa, na Chama cha Wanasheria kikakimbia kortini. Watu walibishana sana kuhusu Mau na mito, na walikuwa na haki. Lakini moto wa boila haukuzimwa siku hata moja katika hiyo miaka mitano. Mtu akifungiwa duka moja huenda duka lingine. Duka lingine ni shamba la mama yako.

Hapa ndipo mambo yanakuwa ya kuchekesha, kama una moyo wa kucheka. Mkulima wa chai ni mwenye hisa katika kiwanda anachopelekea majani. Kuni zinazonunuliwa ni gharama ya kiwanda, na gharama zote hutolewa kabla ya bonasi. Bonasi ya 2025 ilipotangazwa, wakulima wa huku magharibi walipiga kelele kwa sababu wenzao wa mashariki ya Bonde la Ufa walipata pesa nyingi zaidi kwa kilo. Sasa fuata mzunguko. Bonasi ikiwa mbaya, karo ya Januari inamkuta mama hana kitu. Anamwita dalali. Dalali anabeba miti kwa bei ya kutupa, anaiuza mbele kwa bei yake, na ile bei ya mbele inarudi kumkata mama kwenye bonasi ijayo. Mama ameuza kuni kwa bei ya chini na kuzinunua kwa bei ya juu, na hajawahi kukanyaga boila.

Sitaki kumfanya dalali shetani. Yeye ndiye mwenye pawaso, yeye ndiye anayelipa lori na vijana wa kupakia, yeye ndiye anayekaa na pesa zake nje akingoja kulipwa. Wengi wao ni vijana kama mimi. Shida ni kwamba yeye ndiye mtu pekee anayekuja kuuliza bei ya mti.

Na kuna suala la maji, ambalo watu wa ofisini wanaweza kudhani ni dogo. Mti uliokatwa leo unaweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake. Ukiutia motoni hivyo, sehemu kubwa ya joto inaishia kuchemsha maji yaliyo ndani ya ukuni kabla hujapata mvuke wa kukaushia chai. Unachoma miti mingi zaidi kwa kazi ile ile. Dawa yake haihitaji profesa. Pasua mapema, panga kwa nafasi, inua kutoka chini, funika juu, acha upepo upite, ngoja miezi. Mimi rundo langu la Desemba lilikuwa linagongana kama vigae ilipofika Machi, na mama anasema moshi jikoni umepungua. Ni kazi ambayo kijana yeyote wa kijiji anaiweza akiwa na shoka na mabati mawili. Lakini haina maana mnunuzi akikulipa kwa ukubwa wa rundo tu, bila kujali ni bichi au kavu. Ukikausha, ukuni unasinyaa kidogo, na unangoja pesa miezi kadhaa. Yaani anayefanya vizuri ndiye anayekula hasara. Kiwanda au shule ikitangaza bei mbili, ya kavu na ya bichi, na kununua moja kwa moja kutoka kwa vikundi vya vijana, nitaamini ajira za kijani zaidi ya nilivyoziamini kwenye hotuba zote.

Tukiwa hapo kwa hotuba: tangu Desemba 2022 tunaambiwa tutapanda miti bilioni 15 ifikapo 2032. Tukapewa hata sikukuu, Novemba 13, 2023, kila mtu na mche wake na picha yake. Mimi pia nilipiga. Swali langu ni rahisi tu. Mkulima wa Borabu apande mti gani, kama soko linalomjia lina bei moja? Atapanda mkaratusi, bila shaka, kwa sababu unakua haraka. Mwingine ataupanda hadi ukingoni mwa kijito, ingawa marehemu John Michuki, akiwa waziri wa mazingira, aliagiza ung'olewe sehemu hizo. Hapandi kwa ujinga. Anapiga hesabu zake vizuri kutuliko sisi.

Kuchonga kumenionyesha kwamba bei nyingine inawezekana, ingawa si hapa. Wamunyu, Ukambani, ufundi ulianza na mtu mmoja, Mutisya wa Munge, aliyejifunza kwa wachongaji wa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kutoka kwake ikawa kazi ya maelfu. Walipomaliza mpingo na muhugu porini, wakahamia miti ya shambani: mwarobaini, mwembe, na ndiyo, mjakaranda. Sisi nasi Tabaka tumelisha dunia nzima vinyago vya mawe. Kwa hivyo mikono tunayo. Lakini hata Wamunyu wanategemea watalii, na Nyansiongo hakuna mtalii anayeshuka matatu. Afadhali seremala. Mgrevilia ulionyooka unatoa mbao za kitanda na kabati, na maseremala wa Keroka wananunua mbao kila wiki. Niliuliza mmoja. Alisema migrevilia yetu minne ya unene ule, ikipasuliwa mbao, peke yake ingekaribia nusu ya ile elfu sitini, ila lazima tulipe mwenye mashine kwanza na tungoje pesa.

Hiyo "kwanza" ndiyo imetukwamisha. Dada yangu anafungua shule Jumatatu baada ya hiyo Jumamosi. Dalali analipa pesa taslimu, seremala analipa kidogo kidogo.

Juzi usiku tulikaa jikoni na mama, tukahesabu kwenye kifuniko cha daftari. Nimeshusha nilichokuwa nimeweka cha kununua lenzi ya simu, mjomba ameahidi kitu, na tukiuza mikaratusi kumi na tano pekee karo inatosha kwa shida. Mama alinyamaza kwa muda, akisonga ugali kwa ule mwiko uliopinda. Kisha akaniuliza kama dalali atakubali kuja na lori lake kwa miti kumi na tano, au atageuza aende kwa jirani.

Sikuwa na jibu. Asubuhi nilishuka na kopo la rangi nyeupe nikaweka alama kwenye ile kumi na tano, nikianzia na ile iliyo karibu na kijito.