Mtoto Huntha: Tusimfiche Wala Tusimtangaze

  

Shirikisho la Riadha la Dunia liliweka sharti kwamba, kuanzia Septemba 1, 2025, kila anayetaka kushindana upande wa wanawake katika mashindano yanayohesabiwa kwenye viwango vya dunia apimwe jeni mara moja katika maisha yake. Tangu hapo mjadala umehama kurasa za michezo ukaingia vijiweni, kwenye daladala na hata katika baraza za misikiti yetu. Tumeusikiliza, na tumesikitika. Waislamu wenye elimu yao wanalipokea jambo hili kama lilivyopikwa na vyombo vya habari vya nje, wakisema kwa jumla kwamba hao ni wanaume waliojigeuza wanawake ili wajizolee medali.

Tuangalie majina yanayotajwa sana. Katika Olimpiki ya Rio de Janeiro mwaka 2016, mbio za mita 800 kwa wanawake zilimpa dhahabu Caster Semenya wa Afrika Kusini, fedha Francine Niyonsaba wa Burundi na shaba Margaret Wambui wa Kenya. Wote watatu waliguswa baadaye na kanuni iliyowataka wanawake wenye kiwango kikubwa cha homoni ya testosteroni wakishushe kwa dawa, au wasikimbie masafa kama hayo. Hakuna kati yao aliyejigeuza. Walizaliwa, wakaandikwa wasichana na wakalelewa wasichana, na maumbile yao ya ndani hayakuwa kazi ya mikono yao.

Semenya alikuwa binti wa miaka 18 aliposhinda ubingwa wa dunia mjini Berlin, Agosti 2009. Saa chache kabla ya fainali ilitangazwa kwamba anachunguzwa jinsia yake, na mwezi uliofuata magazeti yakaandika habari za viungo vyake vya ndani, mambo ambayo mzazi mwenye haya hayasemi hata mbele ya shangazi wa mtoto. Tuseme kweli, sisi pia tulicheka. Surat Al-Hujurat imetukataza kudharauliana, kudhaniana vibaya na kupekuana, na wala haikusema kwamba wanamichezo wametolewa katika katazo hilo.

Hatusemi kwamba mashindano ya wanawake yaachwe bila mpaka. Mwanamume na mwanamke wametofautiana kwa nguvu za mwili, na binti aliyejifunga kibwebwe miaka kumi ana haki ya kushindana na wanawake wenzake. Mpaka uwekwe wapi ni mashauri ambayo hata mahakama zimeyaona mazito. Julai 10, 2025 Baraza Kuu la Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya liliamua kwamba Semenya hakusikilizwa kwa haki katika mahakama za Uswisi, lakini halikusema kanuni yenyewe ni halali au batili. Waheshimiwa wale wakishasita, kijana wa kijiweni anatoa wapi uhakika?

Lililotufanya tushike kalamu leo, hata hivyo, si riadha. Ni mtoto aliyezaliwa katika nyumba ya Kiislamu, mkunga akamtazama, akanyamaza. Fiqhi inamwita huntha, na wanavyuoni wetu hawakumwonea haya. Ibn Hisham katika Sira ameeleza kisa cha Amir bin Dharib, hakimu wa Waarabu zama za kabla ya Uislamu, aliyeletewa shauri la mirathi ya huntha. Alikesha usiku kucha asijue la kusema, hadi kijakazi wake, mchunga kondoo, alipomwambia aangalie njia ya mkojo. Uislamu ulipokuja alama hiyo ilithibitishwa, na mafakihi wakaongeza alama za baleghe, kama vile hedhi na kutoka manii. Ambaye alama zake zinaelekea upande mmoja huhukumiwa kwa upande huo. Ambaye hazikubainika huitwa huntha mushkil, nayo ana milango yake katika tohara, sala, ndoa na mirathi.

Tutoe mfano wa mirathi katika madhehebu ya Imam Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu pwani. Mtu amefariki, deni na wasia vimekwishatolewa, zimebaki shilingi milioni 12, na warithi ni mtoto wa kiume mmoja na huntha mushkil mmoja. Huntha angekuwa mwanamume, kila mmoja angepata milioni 6. Angekuwa mwanamke, kaka angepata milioni 8 na yeye milioni 4. Basi kila mmoja hupewa kile kisicho na shaka, kaka milioni 6 na huntha milioni 4, na milioni 2 zinawekwa hadi hali ibainike au wasuluhishane. Wahanafi na Wamaliki wana hesabu zao nyingine. Hakuna madhehebu iliyosema huntha hana fungu.

Wanavyuoni pia walitenganisha yale ambayo leo yanachanganywa. Imam Nawawi, akifafanua hadithi zinazolaani wanaume wanaojifananisha na wanawake, amebainisha kwamba lawama ni ya mwenye kujitia, si ya aliyeumbwa hivyo. Mwaka 1989 Baraza la Fiqhi la Makka liliamua kwamba mwenye viungo vilivyotimia, mwanamume au mwanamke, haruhusiwi kubadilishwa, ama mwenye alama za pande mbili anaruhusiwa kutibiwa kuelekea upande uliozidi. Wanavyuoni wa Kishia nchini Iran wana rai tofauti katika suala la kwanza. Sisi tunasimama na uamuzi wa Makka, na tunaongeza kwamba hukumu ni kazi ya wanavyuoni na makadhi. Kumpiga mtu njiani kwa sababu ya mwendo wake au sauti yake ni dhulma, awe ni nani.

Turudi kwa mtoto. Nchini Kenya mama mmoja alijifungua mwaka 2009, na mahali pa kuandika jinsia ya mtoto hospitali ikaweka alama ya kuuliza. Mtoto akakosa cheti cha kuzaliwa. Asiye na cheti anapata taabu kuingia shule, kupata pasipoti, na kwa hiyo hata Hija. Mama yule alikwenda Mahakama Kuu, na Desemba 2014 Jaji Isaac Lenaola akaamuru suala la cheti lishughulikiwe. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ikawahesabu huntha kwa mara ya kwanza, wakapatikana 1,524, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 ikawataja kwa haki zao. Mwanzo wa yote hayo ni mwanamke mmoja aliyekataa kumficha mwanawe.

Wangapi kwetu wanafichwa? Mtoto anafungiwa ndani, anahamishwa kwa bibi kijijini, anaambiwa ni laana au mkosi wa mama. Wapo wanaokwenda kwa waganga. Wazazi na wajue kwamba baadhi ya watoto hawa wana ugonjwa wa tezi zilizo juu ya figo, ambao humfanya mtoto wa kike azaliwe na maumbile yasiyo wazi, na wengine miongoni mwao hupoteza chumvi mwilini hata wakafa katika wiki za mwanzo. Ugonjwa huu una dawa. Aibu ya wiki mbili inaweza kuwa maziko. Mtoto apelekwe hospitali kubwa, kwa daktari wa watoto na bingwa wa homoni, na wazazi wasiharakie kisu kwa ajili ya kuwaridhisha majirani, kwani upasuaji usio wa lazima ukishafanyika haurudi nyuma. Wamwone na kadhi au sheikh mwenye elimu, wapewe hukumu zake kwa faragha.

Walimu wa madrasa nao wana sehemu yao. Mtoto asiulizwe mbele ya wenzake, wala asitolewe darasani kwa sababu hajulikani akae upande gani. Vitabu vya fiqhi vimeeleza kwamba katika sala ya jamaa huntha husimama nyuma ya safu za wanaume na mbele ya safu za wanawake. Mwalimu anayemrudisha mtoto nyumbani kwa kutojua amsimamishe wapi, kwanza akafungue kitabu chake.