UKITOKA BAHARINI, USIKIMBILIE KUPANDA KRETA



Ndugu zangu wa Karatu, wa Ngorongoro, na popote mnapolisoma darasa hili. Kila likizo inapokaribia hunijia maswali ya safari. Safari hii nimeulizwa hivi: “Shekhe, nilijifunza kuzamia kwa mtungi miaka mingi iliyopita, kisha nikaacha. Sasa nakwenda Zanzibar na mke wangu. Nataka tuzamie Mnemba asubuhi, jioni tupande ndege, kesho yake alfajiri tuwe ukingoni mwa kreta. Je, kuna ubaya kisheria?”

Jibu langu ni hili. Kuzamia kunafaa. Kutembea katika ardhi ya Allah kunafaa. Lakini ratiba hiyo haifai, na mwenye kuijua hatari yake kisha akaipuuza ameligusa katazo la Mola wake. Nifuatilie taratibu.

KWANZA: Bahari ni neema. Katika Surat An-Nahl, aya ya 14, Allah ametukumbusha kwamba ametutiishia bahari, tupate humo chakula na mapambo. Kumstarehesha mkeo kwa halali ni katika wema. Chunga sitara, na chunga swala: boti za kuzamia huondoka asubuhi na pengine hurudi mchana umekwenda. Wewe ni msafiri, una ruhusa ya kupunguza na kukusanya. Huna ruhusa ya kuacha.

PILI: Kadi haifi, ujuzi hufa. Cheti cha kuzamia hakina tarehe ya kwisha, na hapo ndipo watu wanapojidanganya. Mkono umesahau jinsi ya kutoa maji yaliyoingia kwenye miwani. Akili imesahau kusawazisha masikio kabla hayajauma. Mwili wenyewe umeongezeka uzito, na pengine presha imeingia. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba Qur’ani humtoka aliyeihifadhi upesi kuliko ngamia anavyochomoka kambani, asipoitunza. Ikiwa Maneno ya Allah yanahitaji marejeo, itakuwaje ujuzi wa kupumua chini ya maji?

Basi anayerudi, na arudi kama mwanafunzi. Omba somo la marudio kwenye maji mafupi, pamoja na mwalimu, kabla ya kwenda kilindini. Na ukipewa fomu ya afya, usiandike uongo. Ukificha pumu au maradhi ya moyo, au ukidai ulizamia mwezi uliopita na ni miaka 6, umesema uongo, na umemhatarisha mwenzako atakayelazimika kukufuata chini kukuokoa.

TATU: Kwa nini usipande mlima? Kila mita 10 unazoshuka baharini, shinikizo huongezeka kwa kiasi kilekile cha shinikizo la hewa yote iliyo juu yetu ufukweni. Ukifika mita 18, ambao ndio mpaka wa mwenye cheti cha mwanzo, mwili unabeba karibu mara 3 ya kawaida. Hewa unayovuta ina naitrojeni, na kwa shinikizo hilo naitrojeni huingia kwenye damu na nyama za mwili. Ukipanda polepole hutoka kwa pumzi, lakini haiishi siku hiyohiyo. Nyingine hubaki kwa saa nyingi nawe hujisikii chochote.

Sasa ukienda mahali penye hewa nyepesi, ile iliyobaki inaweza kutoka kwa mapovu, kama soda iliyofunguliwa kwa pupa. Mapovu yakikaa kwenye viungo ni maumivu makali. Yakikaa kwenye uti wa mgongo au ubongo ni ganzi, kizunguzungu, hata kupooza. Tiba yake ni oksijeni safi na chemba maalumu ya shinikizo, na chemba hizo ni chache, hazipatikani katika kila hospitali.

Ndiyo maana wataalamu wa usalama wa uzamiaji, wakiwemo Divers Alert Network, wanashauri kungoja angalau saa 12 baada ya mzamo mmoja wa kawaida, na saa 18 ukizamia mara kadhaa au siku mfululizo, kabla ya kupanda ndege. Wengi husema saa 24 ndiyo salama zaidi.

Hapa ndipo watu wetu wanapoteleza. Wanadhani hukumu hii ni ya ndege tu. Ukingo wa kreta ya Ngorongoro uko takribani mita 2,300 juu ya bahari. Hewa ya pale inakaribia wepesi wa hewa ndani ya ndege iliyo angani! Karatu yenyewe ni kama mita 1,500, na Arusha karibu 1,400. Kwa hiyo aliyezamia Dar es Salaam au Tanga kisha akaja kwa gari usiku kucha, naye yumo. Mwili hauulizi umepanda kwa mabawa au kwa magurudumu.

NNE: Atasema msemaji, “Wengi wamefanya na hawakudhurika, na ajali ni qadar.” Sayyidna Umar (r.a.) alikuwa njiani kwenda Sham, akapata habari kwamba kuna tauni. Akashauriana na watu, akageuza msafara. Alipoulizwa kama anaikimbia qadar ya Allah, akajibu kwa maana kwamba anaikimbia qadar ya Allah kwenda kwenye qadar ya Allah. Huyo ni Umar, na jeshi lake, na safari yake kubwa. Wewe unashindwa kusogeza tiketi siku moja? Nauli hulipwa tena. Uti wa mgongo haununuliwi.

TANO: Geuza ratiba. Anza na kreta, malizia na bahari. Na ukiwa baharini, siku ya mwisho kabla ya ndege iache iwe kavu. Tembea Mji Mkongwe, nenda Jozani, nenda Kizimkazi ukaswali katika msikiti wenye maandishi ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia. Hiyo nayo ni ziara, tena ina ibada.

SITA, na hili ni lenu madereva na waongoza watalii wa Karatu: mgeni ni amana. Unapompokea ametoka Zanzibar, usimuulize tu habari za mzigo. Muulize, “Umezamia lini mara ya mwisho?” Akisema jana jioni, zungumza na ofisi, mwanzie sehemu za chini, kreta ingoje. Najua ofisi zina ratiba, najua kuna bosi na kuna bakshishi. Lakini siku ya Kiyama hutaulizwa kama uliwahi getini mapema. Utaulizwa kuhusu nafsi uliyokabidhiwa. Na awe Muislamu au asiwe, amana ni amana.

Amesimulia Jabir (r.a.) kwamba walipokuwa wakipanda mahali pa juu walileta takbira, na walipokuwa wakishuka walileta tasbihi. Shuka baharini na tasbihi moyoni. Panda Ngorongoro na takbira mdomoni. Na kati ya hizo mbili, weka subira ya siku nzima.

Mfikishie aliye safarini, na mfikishie dereva unayemjua. Wallahu a’lam. Wabillahi tawfiq.