Reli, Makasha na Kalamu ya Karani

Wanachama wenzetu watatuwia radhi tukizungumza habari ya reli katika gazeti letu hili, ambalo kwa kawaida hujaa mambo ya mishahara, nyumba na likizo. Lakini mizigo ya nchi hii hupita mikononi mwa makarani kabla ya kupita juu ya chuma, na kila shehena ikichelewa lawama hutushukia sisi. Kwa hiyo yatupasa kusema tunayoyaona.

Tangu mwaka wa 1956, meli Ideal-X ilipotoka Newark kwenda Houston huko Marekani na makasha 58, biashara ya bahari imegeuka. Mali hufungiwa ndani ya kasha huko itokako, na maana yote ya kasha ni kwamba lisifunguliwe mpaka lifike kwa mwenyewe. Meli hulishusha, reli au lori hulipokea, na yaliyomo hayaguswi. Kwa safari ndefu ya nchi kavu reli ina nguvu kubwa: gari moja la Mombasa laweza kuchukua makasha kama 100 ya futi 20 kwa safari moja. Hayo hatuyabishi.

Tunalolibisha ni njia iliyotumiwa kuipatia reli kazi. Reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi ilianza kuchukua abiria mwaka wa 2017, na makasha mwanzo wa mwaka wa 2018. Ilijengwa kwa mkopo wa China, na mkopo hauna budi kulipwa. Basi ikaonekana vema mizigo ilazimishwe. Agosti 2019 ilitoka amri kwamba makasha ya bara yapande reli na kutolewa ushuru katika bandari ya nchi kavu ya Nairobi. Watu wa Mombasa waliandamana, maana wenye malori, madereva, mawakala wa forodha, hata wauza chakula wa Mariakani na Mtito Andei waliona riziki yao yaondolewa kwa karatasi moja. Novemba 2020 Mahakama Kuu ikasema amri zile hazikufuata sheria. Na Septemba 2022 Rais Ruto, siku ya kuapishwa kwake, akatangaza kwamba kazi ya kutoa mizigo irudi Mombasa.

Twauliza: reli iliyo nzuri yahitaji amri ya nini? Mfanyabiashara hana chuki na reli. Yeye hupiga hesabu. Lori humchukulia kasha lake kutoka bandarini mpaka mlangoni mwa ghala kwa bei moja. Reli humfikisha Embakasi. Hapo hana budi kutafuta lori la kumalizia maili chache zilizobaki, kisha alirudishe kasha tupu kwa wenye meli kabla siku zake hazijakwisha, la sivyo alipe ada ya kuchelewa. Nauli ya reli ikiwa nafuu namna gani, hizo gharama za pembeni huila.

Tena liko jambo la makarani, na hili ndilo tulilokusudia hasa. Malori huja moja moja, na dirisha la ofisi laweza kuyahudumia moja moja. Gari la reli huleta makasha 100 kwa mkupuo mmoja. Hati zake zisipokuwa tayari, yote hulala uwanjani, na gari la pili li njiani. Msongamano wa Nairobi wa mwaka 2018 ulitufundisha hayo.

Tulipata kuona kasha moja la madaftari ya shule. Lilisafiri usiku mmoja tu kutoka Pwani, kisha likakaa uwanjani siku tisa, kwa sababu katika hati moja 47 iliandikwa 74. Wenzetu wa forodha wanajua kwamba nambari ya kasha ni herufi nne na tarakimu saba, na ile tarakimu ya mwisho hutokana na hesabu ya zote zilizotangulia, ili kosa kama hilo ligunduliwe papo hapo. Hesabu hiyo haikupigwa. Karani aliandikiwa barua ya onyo. Hakuna aliyeuliza kwa nini alikuwa ananakili kwa mkono, usiku, peke yake, nambari iliyokwisha kuandikwa mara tatu na watu wengine.

Na safari ikipita Nairobi kazi yazidi. Reli ya zamani, iliyofika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901, ina upana wa milimita 1,000. Hii mpya ina 1,435, na tangu 2019 yafika Naivasha. Kasha la Uganda likifika huko hushushwa likapandishwa behewa jingine au lori. Kila kuhamisha ni hati nyingine, na kila hati ni nafasi nyingine ya 47 kuwa 74.

Rai yetu ni kwamba mwenye mali aachiwe kuchagua, naye atapanda reli kwa hiari siku atakapoona faida. Hati zimalizwe meli ikiwa bado baharini. Bei ya reli itajwe pamoja na lori la mwisho na kurudisha kasha tupu. Nambari iandikwe mara moja tu, ikaguliwe kwa ile tarakimu ya saba, ipokelewe na ofisi zote bila kunakiliwa. Na zamu ya usiku ipewe watu wa kutosha, kwa kuwa gari haliwangojei makarani waamke.

Wanachama wenye mifano kama ile ya madaftari na wamletee Katibu kwa maandishi, wakitaja siku na sababu ya kuchelewa, bila kutaja jina la ofisi wala la mtu.