Kitabu Kikikosea, Mtoto Asahihishwe na Nani?



Kosa la mwalimu ubaoni hufutwa kwa dasta. Kosa la kitabu huchapwa kwa maelfu na kusafiri hadi kijiji cha mwisho. Mtoto wa hapa Mbalizi akijibu lililo kweli, na kitabu kikasema vingine, ni yeye atakayekosolewa.

Si jambo geni. Mwaka 2013 Mheshimiwa James Mbatia alilifikisha bungeni suala la udhaifu wa elimu, vitabu vyenye makosa vikiwamo. Mwaka huohuo kamati ya kuidhinisha vitabu, EMAC, ilivunjwa, na kazi ya vitabu vya kiada ikarudi kwa Taasisi ya Elimu Tanzania. Hata hivyo, mwaka 2017 Bunge lililalamikia tena makosa, safari hii katika vitabu vya Taasisi yenyewe. Tulibadilisha mikono inayoandika. Njia ya kusahihisha ikabaki ileile.

Leo vitabu vya Taasisi husomwa bure mtandaoni, nayo ni hatua njema. Lakini ruhusa ya kusoma si ruhusa ya kusahihisha. Kitabu chenye leseni huria humruhusu yeyote kukinakili, kukirekebisha na kukigawa, mradi amtaje mwandishi wa kwanza. Mwaka 2012 serikali ya Afrika Kusini ilivichapa na kuvigawa katika shule za sekondari vitabu vya hisabati na sayansi vya Siyavula, vyenye leseni ya namna hiyo.

Wapo watakaouliza: kila mtu akisahihisha, je, hatutazaa makosa mapya? Swali ni la haki. Kwa hiyo mhariri asiondolewe. Taasisi ibaki na muhuri wa toleo rasmi, ipime kila sahihisho na kulitangaza kwa tarehe. Lakini mwalimu asilazimike kungoja chapa mpya; aweze kutoa nakala ya ukurasa uliosahihishwa na kuugawa darasani bila kuhofia hakimiliki.

Kanisa hutufundisha kwamba kuwaelimisha wasiojua ni tendo la huruma. Kumwachia mtoto kosa tunalolijua ni kinyume chake. Wazazi, jioni fungueni kitabu pamoja na mtoto. Mkiona kosa, mwelezeni mwalimu, kisha iandikieni Taasisi mkitaja kitabu na ukurasa. Vitabu hivyo vimelipiwa kwa kodi yetu. Kuvisahihisha ni haki yetu, tena ni wajibu.

Tumsifu Yesu Kristo.