Makazi ya waliokumbwa na maafa ni amana, si hisani

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, katika Suratun Nahl, aya ya 80, Mwenyezi Mungu anazitaja nyumba zetu miongoni mwa neema zake, kwamba amezijaalia kuwa mahali pa utulivu. Mwenye nyumba aghalabu haikumbuki neema hiyo mpaka siku anapoiona ikichukuliwa na maji.

Watu wa Kilwa wanaijua siku hiyo. Mwishoni mwa Januari 2020 mvua kubwa mkoani Lindi zilifurisha mito, wakafa watu wasiopungua 20, na maelfu wilayani Kilwa wakaachwa bila makazi. Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kiliingia pwani ya Mafia. Upepo na mvua zake zikaharibu nyumba hadi Kilwa, na barabara kuu iendayo Dar es Salaam ikakatika Somanga. Hatusemi kuwa kiongozi yeyote ndiye aliyeleta mvua. Mvua ni ya Mwenyezi Mungu. Tunauliza juu ya yale yaliyo mikononi mwa waja: aliyepoteza nyumba ataijenga wapi nyingine?

Mara nyingi mambo huenda hivi. Maji yakijaa, watu huhifadhiwa shuleni au katika mahema, na huletewa unga na mablanketi. Huambiwa wahame mabondeni, nao huitikia. Mvua zikikatika, mahema hukunjwa, na mkulima hurudi kule kule alikotoka. Hapo huitwa mkaidi. Lakini shamba lake liko bondeni kwa sababu ndiko kwenye rutuba, na huko juu alikoambiwa ahamie hakupimiwa kiwanja, hakuna kisima wala njia. Kumwambia mtu ahame bila kumwonyesha pa kuhamia ni kumwongezea dhiki juu ya dhiki.

Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyepewa lakabu ya Abul Mawahib kwa wingi wa utoaji wake. Anasimulia kuwa Ijumaa moja, Sultani alipokuwa akitoka msikitini, fakiri mmoja wa Yemen alimwomba nguo alizozivaa. Sultani akaahidi kumpa. Fakiri akazitaka saa ile ile. Basi Sultani akaingia nyumba ya khatibu, akabadili nguo, akampa. Kisa hiki kinapendeza, lakini kina mwisho wake. Sultani yule alipofariki, alitawala nduguye Daud. Maskini walipomwendea, aliwajibu kuwa aliyekuwa akitoa amekwisha kufa, wala hakuacha kitu cha kutolewa.

Hapo ndipo penye mazingatio. Hisani hufa pamoja na mwenye kuitoa. Amana humrithi kila anayeshika madaraka. Kwa hiyo Uislamu haukuwaacha wasio na makazi wategemee moyo wa tajiri peke yake. Katika Suratul Hashr, aya ya 8, mafakiri wa Muhajirina waliotolewa majumbani mwao wamewekewa fungu katika mali ya umma. Na Mtume (S.A.W.) aliwatengea wasio na pa kukaa suffa, sehemu yenye kivuli katika msikiti wake Madina.

Nasi sheria tunazo. Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya 2022 imeweka kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 imeikabidhi halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi ya kijiji. Ni kweli, sheria hizi haziilazimishi halmashauri kumjengea kila mtu nyumba, wala sisi hatudai hilo. Tunachotaka ni kwamba wakati wa kiangazi, kabla ya maji kuja, ardhi ya mwinuko itengwe, viwanja vipimwe, maji yafikishwe, na waliopoteza nyumba wapewe hati za hakimiliki ya kimila, wajane nao kwa majina yao wenyewe. Shamba libaki bondeni, nyumba iwe juu.

Viongozi wengi wa vijiji na kata zetu za pwani ni Waislamu tunaosimama nao safu moja. Wanajua mafundisho ya Mtume (S.A.W.) kuwa kila mmoja ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Basi tuwaulize kwa adabu, katika mkutano mkuu wa kijiji, na majibu yaandikwe: viwanja viko wapi, na vitagawiwa lini?

Nasi tujihesabu. Fakiri aliyepoteza nyumba ni mstahiki wa zaka. Mwenye ardhi ya mwinuko anaweza kuweka sehemu yake wakfu. Vijana wanaweza kumsaidia ajuza kubeba mawe ya msingi, kwani nyumba ya fito na udongo iliyoinuliwa juu ya mawe huvumilia maji kuliko iliyosimamishwa chini. Lakini sadaka zetu zisiwe udhuru wa mwenye madaraka kuiacha amana yake.

Yule fakiri wa Yemen hakukubali ahadi, alitaka saa ile ile. Waliolala nje kwa mafuriko wana haki zaidi ya kutaka hivyo.

Mwenyezi Mungu awape makazi ya utulivu wote waliopoteza nyumba zao, na awaongoze viongozi wetu katika uadilifu. Amin. Wabillahi tawfiq.